Krismasi Kando ya Mfereji, Boti Zikiwa Nchi Kavu

Kwa macho ya mhasibu, mfereji wa Ballinamore na Ballyconnell ulikuwa hasara tupu. Ulianza kuchimbwa kaskazini-magharibi mwa Ireland mwaka 1846, katikati ya njaa kuu, ili kuunganisha mto Shannon na maziwa ya Erne. Ukamalizika 1860, ukiwa umekula zaidi ya pauni 228,000. Katika miaka tisa iliyofuata zilipita mashua 8 zilizolipa ushuru, na ushuru wote ukafika pauni 18. Reli ya kwenda Sligo ilipitishwa Carrick-on-Shannon mwaka 1862, na mizigo ikahamia huko moja kwa moja. Kufikia 1869 mfereji ulikuwa umeachwa, na magugu yakaziba njia.

Mfereji huohuo ndio leo unaoitangaza kaunti ya Leitrim sokoni. Ulifunguliwa upya Mei 1994 kwa jina la Shannon–Erne Waterway: kilomita 63 hivi za mito, maziwa na mtaro wa kuchimbwa, pamoja na malango 16 ya maji. Manane huipandisha boti kutoka kijiji cha Leitrim hadi ziwa Scur, manane huishusha upande wa pili kuelekea Erne. Ukarabati uligharimu takriban pauni milioni 30. Hakuna benki ambayo ingetoa fedha hizo kwa kutazama idadi ya wateja. Zilipatikana kwa sababu mfereji unavuka mpaka kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini, na wakati ule, kabla ya mapigano ya Ireland Kaskazini kusitishwa Agosti 1994, mradi wowote uliounganisha pande hizo mbili ulikuwa na mfadhili: Umoja wa Ulaya, mfuko wa International Fund for Ireland, serikali zenyewe. Baada ya mkataba wa amani wa 1998, njia kuu za maji za ndani ya kisiwa zilikabidhiwa shirika moja la pande mbili, Waterways Ireland, lililoanzishwa 1999 na kuwekewa makao makuu Enniskillen.

Brosha za Leitrim zina boti nyeupe zikielea mbele ya vilima vya kijani, watoto wakiwa wamevaa majaketi ya kuokolea maisha. Mteja anayezitazama Oktoba na kutaka kwenda Krismasi, yaani familia ya Dublin inayotaka kuikimbia Dublin, au Mkenya aliyeko Cork anayetaka kuwaonyesha wazazi wake nchi ilivyo nje ya mji, huanza na swali la boti. Jibu ni kwamba boti hakuna. Kampuni za kukodisha za Shannon hufanya kazi kuanzia Machi au Aprili hadi Oktoba. Desemba boti zimefungwa gatini au zimepandishwa nchi kavu, mabomba yake yakiwa yamekaushwa maji yasije yakaganda na kuyapasua, na mafundi wako chini yake wanakwangua na kupaka rangi.

Kinachouzwa wakati huo, basi, ni ukingo wa maji: kitanda, moto wa kuni, meza ya chakula na njia ya kutembea kando ya mfereji. Na ukifuatilia fedha zinakokwenda kwa mwaka mzima utaona kwamba ukingo umeanza kuyazidi maji hata kiangazi. Hiyo ndiyo habari ya biashara katika kaunti hii, na anayepanga likizo ya mwisho wa mwaka akiielewa atapanga vizuri zaidi.

Tuanze na boti, maana ndizo zilizojenga soko. Ukodishaji wa boti za starehe kwenye Shannon ulishika kasi miaka ya 1960, baada ya wapenzi wa mto, waliounda chama chao cha Inland Waterways Association of Ireland mwaka 1954, kupiga kelele kwamba mto usizibwe kwa madaraja ya chini ambayo boti haziwezi kupita. Wateja wakubwa wakawa Wajerumani, Waswisi na Waaustria. Mtu hahitaji leseni kuendesha boti ya kukodi Ireland. Anaonyeshwa usukani, kamba na jinsi ya kutumia malango, kisha anaachiwa. Carrick-on-Shannon, mji wa kaunti, ukawa makao ya biashara hiyo, na mfereji ulipofunguliwa 1994 mpangaji boti aliweza kutoka pale hadi Erne bila kurudia njia.

Hesabu ya boti, hata hivyo, ni ngumu. Ni mtaji mkubwa unaozeeka haraka, na miezi mitano ya mwaka hauingizi hata senti huku ukidai gati, bima na fundi. Mteja wa kukaa wiki nzima majini amepungua. Wengi sasa wanataka siku mbili tatu. Safari za ndege za bei nafuu zilimwonyesha Mjerumani kwamba anaweza kwenda Kroatia kwa fedha zilezile na kupata jua la uhakika. Idadi ya boti za kukodi kwenye Shannon imeshuka sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mdororo wa 2008 uliharakisha mambo.

Mtu atauliza mbona Uingereza, ambako Canal & River Trust inasimamia kama kilomita 3,200 za mifereji na mito, zipo kampuni zinazokodisha boti hata wiki ya Krismasi. Sababu iko katika umbo la maji. Boti ya Kiingereza ni nyembamba, ya chuma, ina jiko la makaa ndani, na hupita kwenye mfereji mwembamba uliokingwa na miti na kingo. Upepo ukizidi unaifunga kando na kuteremka kwa miguu. Boti ya Shannon ni pana, ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, na safari yake huvuka maziwa wazi ambako upepo wa Desemba si wa kuchezea. Zaidi ya hayo Waterways Ireland hupunguza saa za malango majira ya baridi na kutumia kipindi hicho kufanya matengenezo. Na mto wenyewe hupanda: mafuriko ya Novemba 2009 na yale ya Desemba 2015 yaliingia hadi mitaa ya Carrick. Siwaoni wawekezaji wakilibadili hilo.

Basi tugeukie ukingo. Upande wa hoteli, Desemba ina biashara mbili ambazo watu huzichanganya. Wiki tatu za kwanza ni za sherehe za wafanyakazi: kampuni, shule, timu za michezo, watu wanakula na kucheza muziki na wengine wanalala palepale. Carrick imezoea wateja wa namna hiyo, kwa kuwa kwa miaka mingi imekuwa mji wa wikiendi za kuaga ukapera, mabibi harusi na mabwana harusi watarajiwa wakija na marafiki kutoka nchi nzima. Mwenye kutafuta utulivu wa mashambani asiweke nafasi katikati ya Carrick Jumamosi ya pili ya Desemba.

Biashara ya pili ni ya kifurushi cha Krismasi chenyewe: usiku mbili au tatu kuanzia tarehe 24, chakula chote ndani, misa ya mkesha, Baba Krismasi kwa watoto. Hapa hoteli za majumba ya kale zina nguvu. Lough Rynn, karibu na Mohill, lilikuwa jumba la ukoo wa Clements, na Earl wa tatu wa Leitrim, mwenye ardhi aliyechukiwa kwa kuwafukuza wapangaji wake, aliuawa kwa kuviziwa kaunti ya Donegal mwaka 1878. Leo jumba hilo ni hoteli, na wajukuu wa wapangaji hufanyia harusi pale. Kilronan, kwa upande wa kaunti jirani ya Roscommon, ni la aina hiyohiyo.

Kwa nini kifurushi cha Krismasi ni ghali? Tarehe 25, 26 na Mosi Januari ni sikukuu za umma. Mfanyakazi anayezifanyia kazi anadai siku ya ziada yenye malipo au ujira wa ziada. Kima cha chini cha mshahara kilifika euro 13.50 kwa saa Januari 2025. Kodi nayo imepanda na kushuka kama maji ya malango: VAT ya utalii ilipunguzwa hadi asilimia 9 mwaka 2011 wakati wa mdororo, ikarudi 13.5 mwaka 2019, ikashushwa tena 9 Novemba 2020 kwa ajili ya janga la korona, na tangu Septemba 2023 hoteli zimerudi 13.5. Mwenye hoteli anayepanga bei ya Krismasi hufanya hivyo miezi kumi kabla, kwa hiyo anajikinga kwa kuweka bei ya juu. Bado wengi huniambia mkesha wa Krismasi haulipi kama Mwaka Mpya, kwa kuwa mgeni wa Krismasi anakula sana na kunywa kidogo, na mgeni wa Mwaka Mpya ni kinyume chake. Kuanzia tarehe 2 au 3 Januari vyumba vinakuwa vitupu, na hoteli ndogo hufunga wiki kadhaa.

Upande wa nyumba za kupanga ndio wenye mambo mengi zaidi.

Leitrim ndiyo kaunti yenye watu wachache kuliko zote Ireland. Sensa ya 1841 ilihesabu zaidi ya watu 155,000. Njaa, kisha uhamaji wa vizazi vitano, ukawashusha hadi 25,000 tu mwaka 1996. Serikali ikatafuta dawa. Kuanzia 1998 ikatoa nafuu ya kodi kwa yeyote atakayejenga au kukarabati nyumba ya kupangisha katika eneo la juu la Shannon, yaani Leitrim na Longford zote pamoja na sehemu za Cavan, Roscommon na Sligo. Wanasheria na madaktari wa Dublin wakanunua nyumba ambazo hawakuwahi kulala ndani yake, kwa kuwa faida ilikuwa kwenye fomu ya kodi na si kwa mpangaji. Vijiji vya watu mia mbili vikaota mitaa mipya. Mwaka 2008 soko likaporomoka, na sensa ya 2011 ikakuta karibu nyumba tatu katika kila kumi za Leitrim hazina mtu, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Magazeti yakaziita mitaa ya mizimu.

Sehemu ya nyumba hizo ndiyo iliyozaa biashara ya leo ya nyumba za likizo. Ziko Keshcarrigan, Ballinamore, Drumshanbo, kijiji cha Leitrim chenyewe. Zina vyumba vitatu au vinne, joto la mabomba, maegesho, na maji ya ziwa au mfereji hatua chache kutoka mlangoni. Mwenye nyumba alitafuta kitu chochote cha kulipia mkopo, na tovuti za kukodisha zikamletea mteja. Kwa familia ya watu sita au wanane inayotaka kukaa wiki nzima ya sikukuu na kujipikia, nyumba ya namna hiyo ni nafuu kuliko hoteli kwa mbali, na ndiyo ninayoipendekeza, kwa sharti moja: iulizwe habari ya joto. Nyumba nyingi za enzi ile zilijengwa kwa haraka. Krismasi ya 2010 nyuzijoto zilishuka hadi 17.5 chini ya sifuri katika kaunti ya Mayo, si mbali na hapa, na mabomba yaliyopasuka katika nyumba zisizo na mtu yaligunduliwa wiki kadhaa baadaye dari zikiwa zimedondoka. Baridi ya kawaida ya Desemba ni nyuzi 5 au 6 juu ya sifuri, tena yenye unyevu, ile inayoingia kwenye mifupa. Muulize mwenye nyumba anatumia mafuta, umeme au kuni, na kama gharama imo kwenye bei au italipwa kwa kusoma mita. Swali hilo moja linaweza kubadili bei ya wiki kabisa.

Hali ya soko la nyumba imegeuka pia. Watu wa kaunti wameongezeka hadi kupita 35,000 katika sensa ya 2022, baadhi yao wakiwa wafanyakazi wa Dublin waliogundua wakati wa korona kwamba kazi inaweza kufanyiwa mezani Drumshanbo. Mwaka huohuo wakimbizi wa vita vya Ukraine walianza kupokewa, na kote nje ya Dublin serikali ilikodi sehemu kubwa ya vitanda vya utalii ili kuwahifadhi. Mwenye hoteli alipata malipo ya uhakika kila mwezi. Mwenye mkahawa na mwenye baiskeli za kukodisha wakabaki wanauliza mgeni yuko wapi. Nyumba tupu za 2011 zimekuwa nyumba za kugombewa, na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2024, inayoanza kutumika Mei 2026, inazibana tovuti za kukodisha kwa muda mfupi zifuate usajili na kutoa taarifa kwa serikali. Mtu wa kupanga likizo asilipe amana kwa nyumba ambayo mwenyewe hawezi kueleza imesajiliwa vipi.

Kisha njia. Hiki ndicho kitega uchumi kilichogharimu kidogo na kuleta kingi, na laiti waliochimba mfereji wangejua. Ukingo uliotandazwa kwa ajili ya farasi wa kuvuta mashua umewekwa changarawe, na tangu 2014 unauzwa kwa jina la Shannon Blueway pamoja na njia za mitumbwi. Mfereji mdogo wa Lough Allen, uliochimbwa karibu 1820 ili kuteremsha makaa ya Arigna na kufunguliwa tena 1996, sasa unatembewa na watu wengi kuliko waliowahi kuusafiria. Drumshanbo pana daraja la kuelea juu ya ziwa Acres, mita 600, lililofunguliwa 2017. Halina kiingilio. Anayelipwa ni mwenye mkahawa upande huu, mwenye duka la baiskeli upande ule, mwenye nyumba ya wageni kati. Njia haijali ni Desemba. Mtu akiwa na viatu vya kuzuia maji anatembea, kisha anaingia mahali pa moto kutumia fedha.

Palipo na njia biashara nyingine hujikusanya. Kiwanda cha zamani cha jemu cha Drumshanbo kimekuwa kituo cha wazalishaji wa vyakula, na tangu 2014 pana kiwanda cha pombe kali kinachotengeneza jini ya Drumshanbo Gunpowder, ambayo mtu huikuta kwenye maduka ya viwanja vya ndege dunia nzima. Kiwanda hicho kilifungua sehemu ya kupokea wageni mwaka 2020. Kwa hiyo mji wa watu wasiozidi elfu chache una ziara ya ndani ya nyumba, yenye joto, ya kuuza siku ya mvua. Kwa biashara ya majira ya baridi hiyo ni mali kuliko gati jipya. Mwendo mfupi kutoka hapo ni mgodi wa Arigna, uliofungwa 1990 pamoja na kituo cha umeme kilichokuwa kikichoma makaa yake, na kufunguliwa 2003 kama ziara ambayo waliowahi kuchimba ndani ndio huwaongoza wageni. Chini ya ardhi hakuna msimu. Sehemu zote mbili hufunga siku za katikati ya sikukuu, hivyo inabidi kuziandikia kabla.

Wavuvi pia wasisahauliwe. Samaki aina ya pike huvuliwa mwaka mzima, na majira ya baridi ndiyo wengi wanayoyapenda. Idadi yao ni ndogo, lakini huja Januari na Februari wakati hakuna mwingine anayekuja.

Kusini mwa Leitrim, kaunti ya Longford imejibu tatizo lilelile kwa njia nyingine kabisa. Nayo ina mfereji: Royal Canal, kilomita 146 kutoka Dublin hadi Cloondara kwenye Shannon, wenye malango 46, uliofungwa 1961 na kufunguliwa tena Oktoba 2010 baada ya wapenzi wake kuung'ang'ania kwa zaidi ya kizazi. Mwaka 2021 ukingo wake ukazinduliwa kama Royal Canal Greenway, kilomita 130 za kutembea na kuendesha baiskeli. Lakini mwajiri mkubwa wa utalii wa Longford hahitaji mfereji hata kidogo. Kampuni ya Center Parcs ilifungua kijiji chake cha msituni karibu na Ballymahon mwaka 2019: nyumba 466 za mbao kwenye hekta 160 hivi, zenye uwezo wa kupokea wageni kama 2,500, na katikati yake bwawa la kuogelea lililofunikwa ambalo joto lake ni nyuzi 29.5 hata nje theluji ikianguka. Bei zake hupanda shule zikifungwa, na wiki mbili za Krismasi ni miongoni mwa za juu kabisa. Watu wanalipa.

Wenyeji wenye vyumba vichache kando ya mfereji waliogopa kwamba jitu hilo lingewameza. Mtazamo wangu ni kwamba halikuwameza, lakini halikuwalisha pia. Mgeni wa Center Parcs anaingia langoni Ijumaa, anakula, anaogelea, anaendesha baiskeli ndani ya uzio, anatoka Jumatatu. Ajira imebaki kaunti, jambo si dogo kwa mahali ambapo kituo cha umeme cha mboji cha Lanesborough kilifungwa Desemba 2020. Kilipofungwa, hata wavuvi walipata hasara: maji ya moto yaliyotoka kituoni yalikuwa yakikusanya samaki mahali pamoja pa mto, na watu walisafiri kutoka Uingereza kuvua hapohapo.

Hoteli za Pwani yetu zinaijua hali hii ya kukosa wageni nje ya msimu. Masika ya Aprili na Mei hufunga milango ya Watamu na Zanzibar kama Januari inavyofunga ya Leitrim, na swali la mwenye hoteli ni lilelile: nimlipe mfanyakazi wakati hakuna mgeni, au nimwachishe na nimtafute mwingine msimu ukirudi? Tofauti ni kwamba Leitrim msimu mbaya una kilele cha siku kumi ndani yake. Wiki ya Krismasi inapitisha fedha nyingi, halafu giza linarudi. Mikahawa michache imeamua kufungua Desemba yote na kufunga Januari na Februari bila aibu, mpishi akienda likizo. Naona hao wana akili kuliko wanaofungua wikiendi tu mwaka mzima.

Kwa anayepanga sasa, kalenda ndiyo kila kitu. Shule za Ireland hufungwa siku chache kabla ya Krismasi na kufunguliwa wiki ya kwanza ya Januari, na bei zote hufuata tarehe hizo. Siku chache kabla ya shule kufungwa, katikati ya wiki, vyumba ni nafuu na mikahawa iko wazi; kama huna watoto wa shule, hizo ndizo siku zako. Jua la Carrick mwishoni mwa Desemba huchomoza karibu saa 2:50 asubuhi na kuzama karibu saa 10:15 jioni, kwa hiyo matembezi ya kilomita 15 kando ya mfereji yaanze mapema. Tarehe 25 hakuna treni wala basi, uwanja wa ndege wa Dublin hufungwa, maduka makubwa hufungwa, na baa hazifunguliwi kwa mujibu wa sheria. Aliyelala hotelini huhudumiwa kinywaji pamoja na chakula. Aliyepanga nyumba anunue kila kitu tarehe 23. Tarehe 26 maisha huanza kurudi taratibu: watu wanatembea, baa zinajaa, na katika baadhi ya vijiji bado wapo wanaozunguka wamevaa vinyago vya nyasi na kupiga muziki mlango kwa mlango.

Usafiri ni rahisi hadi mjini na mgumu baada ya hapo. Treni ya Dublin kwenda Sligo husimama Longford, Dromod na Carrick. Kwa gari ni kama kilomita 150 kutoka Dublin. Uwanja wa ndege wa Knock, uliojengwa miaka ya 1980 kwa ubishi wa padri mmoja, Monsinyori James Horan, uko karibu zaidi, na hujaa Desemba watoto wa eneo hilo wanaorudi kutoka Uingereza. Ndiyo maana magari ya kukodi pale huisha mapema, na bila gari hufiki Keshcarrigan usiku. Wenyeji huyaagiza kabla ya Novemba.

Limebaki moja kwa wasomaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Birmingham. Mkenya na Mtanzania wanahitaji viza kuingia Ireland, na viza ya Uingereza au ya Schengen haiwafikishi huko. Ada ni euro 60 kwa kuingia mara moja na 100 kwa mara nyingi. Maombi hupokelewa miezi mitatu kabla ya safari, na wiki nane za kusubiri ni jambo la kawaida, kwa hiyo anayetaka kula Krismasi Leitrim aombe Septemba mwishoni. Viza hiyo haimruhusu kuingia Ireland Kaskazini, ambayo ni Uingereza. Barabarani hakuna kizuizi wala askari wa kukusimamisha mpakani. Bango la kikomo cha mwendo linabadilika kutoka kilomita kwenda maili, basi. Mfereji nao, ukishapita Ballyconnell, hufuata mto Woodford, ambao kwa kipande ndio mpaka wenyewe, ukingo mmoja Cavan na wa pili Fermanagh. Mwenye viza ya Ireland peke yake ageuzie Ballyconnell, na akitaka kuona Enniskillen aombe viza ya pili kabla hajapanda ndege.